Rangi Imevimba, Jerikeni Limepasuka: Tafuta Kwanza Maji na Jua Vilikopitia

Hajati mmoja wa Bugembe, nje kidogo ya Jinja, aliniita nikautazame ukuta wa sebule yake. Ulikuwa umepakwa rangi mara tatu ndani ya miaka miwili, kila mara na fundi mwingine. "Fundi, siku hizi madukani hakuna rangi, kuna maji yaliyotiwa rangi," ndivyo alivyonipokea mlangoni. Malengelenge yalikuwa yameanzia sakafuni yakapanda hadi usawa wa goti, mengine mapana kama sarafu ya shilingi 500. Nikaomba pini ya mtandio, nikatoboa moja. Likatoka tone la maji, likateremka ukutani hadi kwenye zulia.

Nikamuuliza nyuma ya ukuta ule kuna nini. Bafu. Tukafunga mabomba yote ya nyumba, tukatoka kwenda kuitazama mita. Kigurudumu chake kilikuwa kinazunguka polepole, ilhali hakuna aliyefungua hata tone. Paipu ilikuwa inavuja ndani ya ukuta. Rangi zote tatu zilikuwa nzima kabisa. Kosa ni kwamba zilipakwa juu ya ukuta unaokunywa maji usiku na mchana.

Rangi feki ipo, na anayeichakachua simtetei. Lakini nimeshika brashi miaka mingi, na kabla ya hapo nilisimama kwenye mashine za kuunda plastiki kiwandani, na pote nimekuta jambo lile lile: watu hubadilisha rangi, hubadilisha duka, hubadilisha fundi, maji yakabaki palepale. Nimeyapanga haya kwa dalili. Tafuta inayofanana na yako, ifuate hadi chanzo chake, ndipo ufungue pochi.

Na ujue nchi unayoishi. Tuko kwenye ikweta, na sehemu kubwa ya Uganda iko juu ya mita 1,000. Hata uso wa Ziwa Viktoria wenyewe uko mita 1,134 juu ya bahari. Jua hapa linapiga wima, na kwa urefu huu mionzi yake ni mikali kuliko ya pwani. Ukanda wa ziwa unaongeza unyevu mwaka mzima, na mvua za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Novemba zinakuja juu ya huo. Moroto, kule kwenye ukame wa Karamoja kaskazini-mashariki, ni habari nyingine, nitafika huko mwishoni.

Kabla hujashika msasa

Vipimo vinne, na vyote havifiki bei ya soda.

Cha kwanza ni kavera. Kata kipande cha karatasi ya plastiki angavu cha nusu mita kwa nusu mita, kibandike ukutani au sakafuni kwa selotepu pande zote nne pasiwe na mwanya, ukiache saa 16, yaani tangu jioni hadi kesho yake kabla ya saa sita. Matone yakikaa upande wa ndani, maji yanatoka kwenye ukuta. Yakikaa nje tu, ni unyevu wa hewani. Watu wengi hukibandua mapema kwa sababu ya haraka, halafu wanasema ukuta ni mkavu.

Cha pili ni kitambaa. Futa sehemu ndogo kwa kitambaa chenye majimaji. Alama ile isipokauka ndani ya robo saa, usipake; hewa imeshiba maji, na rangi yako haitakauka inavyotakiwa.

Cha tatu ni wembe na selotepu. Chora mistari sita wima na sita ya kulala, ipate miraba midogo, bandika selotepu, ivute kwa ghafla. Kisha geuza ile selotepu na utazame mgongo wa rangi iliyotoka. Ukiwa na mchanga au unga wa plasta, plasta ndiyo dhaifu. Ukiwa msafi na unang'aa, rangi haikushika kilicho chini yake. Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote, na ndicho mafundi hukikwepa, pengine kwa sababu kinasema ukweli mbele ya mwenye nyumba.

Cha nne ni kidole kilicholowa. Utakiona kazini huko chini.

Malengelenge ukutani

Toboa kwanza. Lengelenge lenye maji na lengelenge kavu ni maradhi mawili.

Likiwa na maji, tazama umbo la eneo lote. Mkanda unaoanzia chini na kuishia kati ya nusu mita na mita moja, wenye unga mweupe kama chumvi kwenye mpaka wake wa juu, ni maji ya ardhini yanayopanda. Kila nyumba inatakiwa iwe na tabaka la kuzuia unyevu juu ya msingi, lile mafundi wanaloliita DPC. Nyumba nyingi zinalo. Lakini mwenye nyumba akishaingia anapenda maua: anamwaga udongo kuzunguka ukuta, udongo unapita juu ya lile tabaka, na maji yanapata daraja. Nimewahi kutibu ukuta kwa jembe tu. Tuliondoa udongo sentimita 20, tukauacha ukuta wazi miezi miwili ya kiangazi, ukakauka wenyewe.

Ule unga mweupe ni chumvi za simenti na matofali zilizobebwa na maji. Usiuoshe. Ukiuosha unayeyuka, unarudi ndani, na wiki ijayo uko pale tena. Piga brashi kavu, zoa, tupa. Na chumvi ikibaki chini ya rangi, inavuta maji kupitia kwenye rangi yenyewe mpaka lengelenge jipya lizaliwe hata bila paipu kuvuja.

Malengelenge yaliyokusanyika chini ya dirisha yanasema kizingiti hakimwagi maji nje. Yaliyo juu, karibu na dari, yanasema mabati au mfereji wa mvua. Yaliyotawanyika jikoni na bafuni bila mpangilio, mara nyingi ni mvuke usio na pa kutokea.

Lengelenge kavu, lililotokea siku ile ile au kesho yake, upande unaopigwa na jua, halihusiani na maji. Rangi ilipakwa juu ya ukuta wa moto: uso ukakauka upesi, thina ikafungiwa ndani, ikatanuka kwa joto. Paka kwa kulifuata kivuli. Asubuhi upande wa magharibi, alasiri upande wa mashariki.

Plasta mpya ni kesi ya peke yake. Ipe wiki nne, na msimu wa mvua zidisha. Najua mwenye nyumba anataka kuhamia kabla ya Krismasi au Idi, na fundi anataka kumaliza alipwe. Mwezi Novemba hapa Jinja nimeikuta plasta ya wiki sita inatoa jasho chini ya kavera.

Rangi ya mafuta imebaki inanata

Miezi miwili imepita na ukuta unashika vumbi, mtoto akiegemea shati linabaki. Lowesha kidole, sugua. Ikiteleza kama sabuni ya mche, basi ndivyo ilivyo: hiyo ni sabuni. Sabuni hutengenezwa kwa mafuta na magadi, na simenti mbichi ni kali kama magadi. Mafuta yaliyo kwenye rangi, ukali wa simenti, na maji yaliyobaki kwenye plasta vikikutana vinapika sabuni ukutani kwako.

Hapa hakuna dawa ya kupaka juu. Kwangua yote, osha, acha ukuta ukauke kweli, kisha weka prima, yaani koti la kwanza la kushikiza rangi, inayovumilia ukali wa simenti. Kwa ukuta wa nje, au wowote usiouamini, paka rangi ya maji. Hiyo haina mafuta ya kugeuka sabuni, na inaruhusu unyevu kidogo kutoka.

Isipoteleza na ikawa inanata tu, uliza mambo mengine: koti lilikuwa nene mno? Ilipakwa jioni umande ukaikuta? Thina ilikuwa mafuta ya taa? Hilo la mwisho ni la kawaida kuliko mafundi wanavyokiri.

Vanishi imegeuka maziwa

Seremala anapuliza vanishi ya kukauka haraka kwenye mlango wa mvule, inang'aa kama kioo, na kabla hajaweka bunduki chini inaingia ukungu mweupe. Wengi hukimbilia kulaumu mkebe. Subiri, weka mkono wako karibu na ubao: ni baridi. Thina inaporuka inachukua joto pamoja nayo, uso wa ubao unapoa, na maji yaliyo hewani yanakuwa matone juu yake kama yanavyokuwa kwenye chupa ya soda iliyotoka friji. Maji yale yakinaswa kwenye vanishi, unaona maziwa.

Hewa ya nyuzi joto 25 yenye unyevu wa asilimia 80, ambayo kwa Entebbe au Jinja si ajabu asubuhi, huanza kutoa umande kwenye kitu chochote kilichopoa hadi kama nyuzi 21. Ni nyuzi nne tu chini. Ndiyo maana kanuni ya wapakaji wa vyuma na meli inataka uso uwe na joto la angalau nyuzi 3 juu ya joto la umande, na unyevu wa hewa usipite asilimia 85.

Tiba ni rahisi. Kama weupe ni mwepesi, ngoja hewa ikauke, saa sita au saa nane mchana, kisha pitisha ukungu mwembamba wa thina inayoruka polepole. Vanishi inafunguka kidogo, maji yanatoka, mng'ao unarudi. Nimeona seremala wa Walukuba akiacha mlango hivyo hivyo juani ukarudi nusu. Kama weupe umeshika kwa siku kadhaa, piga msasa urudie. Na kompresa yako imwage maji kila asubuhi. Tangi lake hukusanya maji ya hewa hadi yanatoka kwenye bunduki yakitema vitone.

Epoksi, ile rangi ngumu ya mikebe miwili, nayo ina ujanja wake. Ikikauka katika hewa yenye unyevu na ubaridi, hadina yake, yaani mkebe wa pili wa kuikazia, hushikana na maji na hewa ya kaboni, ikaacha utelezi kama mafuta juu. Ukipaka koti la pili juu ya ule utelezi, litabanduka lote kama ganda la ndizi. Osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, si thina, kisha msasa, kisha endelea. Rangi ya gari ya mikebe miwili ya poliyurethani ni kinyume: yenyewe hadina yake inakula maji na kutoa gesi, unapata vitundu kama vya chapati ya maji. Mkebe wa hadina uliofunguliwa ukaachwa wiki mbili, usiutumie. Ukiwa umevimba, usiufungue karibu na uso.

Bati linabanduka

Bati jipya la zinki, limepakwa rangi ya mafuta ya nyekundu, linapendeza. Mwaka mmoja au miwili baadaye rangi inatoka kwa vipande vipana, na chini yake bati linang'aa bila kutu. Watu husema mvua imeing'oa. Mvua imemalizia tu. Mafuta ya rangi yaliungana na zinki yakafanya sabuni nyingine, ya zinki, nyembamba na dhaifu, na unyevu ukapita chini yake. Ile ile hadithi ya plasta mbichi, kwa nguo nyingine. Bati jipya linataka prima iliyotengenezwa kwa kupakwa juu ya zinki, au rangi ya maji iliyoandikwa kuwa ni ya mabati, baada ya kusafishwa mafuta ya kiwandani kwa sabuni.

Unga mweupe kwenye mabati ambayo hata hayajapandishwa ni kosa la ghala. Yamelazwa yakiwa yamelowa, moja juu ya jingine, zinki haipati hewa, inaoza nyeupe. Ukinunua mabati msimu wa mvua, yasimamishe kwa mteremko, weka vijiti katikati, usiyafunike turubai lisilopitisha hewa.

Kutu iliyojitawanya kama madoa ya chui kwenye mabati ya rangi, mwezi mmoja baada ya kuezekwa, ni vumbi la chuma. Fundi alikata kwa grenda paani, cheche zikashika, umande ukazigeuza kutu. Mabati hukatwa kwa mkasi, na paa hufagiliwa kabla fundi hajateremka. Mtu akikataa kufanya hilo, mimi humkatia hesabu yake hapo hapo.

Umande wa paani uelewe. Usiku bati hupoteza joto lake kuelekea mbinguni, likapoa kuliko hewa inayolizunguka. Hata usiku usio na mvua asubuhi limelowa. Kwenye visiwa na pembezoni mwa ziwa mvua nyingi hushuka alfajiri, kwa kuwa usiku pepo za nchi kavu hukutana juu ya maji. Lakini ukingoja hadi saa saba mchana, bati linaweza kupita nyuzi 60 na brashi inaburuta. Kazi ya bati ni saa nne hadi saa sita, basi. Siku mbili badala ya moja.

Unga mkononi, na nyekundu iliyogeuka waridi

Pitisha kiganja ukutani. Kikitoka kimepakwa unga wa rangi ile ile, mionzi ya jua imekula gundi ya rangi na kuacha unga wake bila kishikio. Epoksi ikiwekwa nje hufanya hivi upesi sana, hata iwe ya bei gani. Ni ngumu kwa kemikali na maji, dhaifu kwa jua. Iwekee koti la juu la poliyurethani. Ukuta uliotoa unga uoshe kwa brashi na maji hadi kiganja kitoke safi, usipake juu ya vumbi.

Kuhusu kupauka: mabango ya Kampala yanakufundisha bure. Nyekundu kali na njano za kung'aa hufa kwanza. Bluu inabaki, bango zima linaonekana la huzuni. Lakini nyekundu ya kutu, ile ya udongo mwekundu wa barabara zetu, haiendi popote, kwa sababu ni oksidi ya chuma na tayari jua limefanya nayo lote liwezalo. Mteja akitaka paa jekundu la kudumu, mpeleke upande wa rangi ya udongo.

Madoa meusi na michirizi ya kahawia

Weka tone la dawa ya klorini ya kung'arisha nguo nyeupe juu ya doa. Likififia ndani ya dakika chache, ni ukungu unaoishi. Lisipofifia, ni moshi au vumbi. Ukungu uue kwanza kwa dawa hiyo sehemu moja kwa maji sehemu tatu, dakika 15, suuza, ikauke. Usiichanganye kamwe na asidi ya choo wala amonia. Gesi yake inaua.

Michirizi ya kahawia inayonata kwenye rangi ya maji mpya, hasa rangi za giza, baada ya umande wa usiku wa kwanza au wa pili, inatisha bure. Ni sabuni za kiwandani zilizomo kwenye rangi, zimeletwa juu na maji. Osha kwa maji matupu.

Jerikeni, tanki, paipu

Tuje kwenye plastiki, na hapa mshitakiwa anabadilika. Plastiki ya jerikeni, beseni na tanki, yaani polithini na polipropilini, hainywi maji. Unaweza kuiacha ziwani miaka. Inayemuogopa ni jua. Mionzi inakata minyororo yake mirefu ya molekuli, kama kamba ya katani inayokatwa uzi mmoja mmoja: kwa macho bado ni kamba, ukiivuta inaachia.

Chukua jerikeni la njano la lita 20 lililopasuka na ulisome. Upande uliopauka, wenye nyufa nyembamba kama za matope yaliyokauka, na unaoacha unga ukikwaruza kwa ukucha: jua. Jerikeni hilo lilikuwa linaachwa kisimani au juu ya paa. Kama plastiki bado ina rangi yake na ufa ni mmoja, umenyooka, umekatika kwenye kona au shingo kana kwamba kwa kisu, uliza lilibeba nini. Sabuni ya maji na mafuta fulani hupenya pale plastiki inapobanwa na kuifungua. Muuza sabuni anayejaza jerikeni zile zile na kuzipanga tano kwenda juu analeta mambo mawili pamoja, sabuni na uzito. Jerikeni nene, au mpangilio mfupi, na usilijaze lililokwisha kutumikia sabuni mwaka mzima.

Tanki na paipu nyeusi si nyeusi kwa urembo. Ni masizi ya kaboni, na kwenye paipu nzuri za maji huwa asilimia 2 hadi 2.5, yanayokunywa mionzi kabla haijafika kwenye plastiki. Tanki la rangi angavu linategemea dawa nyingine zilizochanganywa ndani, na hizo huisha.

PVC ya kijivu ikiachwa wazi ukutani hupauka na kuwa dhaifu kwa kugongwa. Uharibifu wenyewe ni wa juu tu, unene wa karatasi, lakini ufa ukianzia hapo hausimami. Ipake rangi ya maji nyeupe au kijivu kisichokolea. Na kama maungio ndiyo yanayochomoka, usilaumu gundi: paipu ya mita 6 ikitoka kwenye ubaridi wa alfajiri na kupashwa nyuzi 30 zaidi mchana inarefuka kama milimita 12. Ukiibana kwa simenti ncha zote mbili, itatafuta pa kwenda.

Soli iliyogeuka unga kabatini

Hii huwaudhi watu kuliko zote. Viatu vizuri vya mtumba, vya mpandaji milima, vimehifadhiwa kabatini miaka mitatu kwa ajili ya harusi au safari ya Rwenzori. Siku ya siku, hatua mia moja, soli inabaki njiani kama keki kavu. "Lakini sikuvivaa!" Ndiyo sababu hasa. Soli nyingi za namna hiyo ni poliyurethani ya aina ya polyesta, na vifungo vyake huvunjwa na mvuke wa maji tu, bila jua, bila kuvaliwa. Kila kifungo kinachovunjika kinaacha asidi kidogo, na asidi inaharakisha kuvunja vingine. Kabati lenye joto na unyevu ni jiko lake.

Ukiwa soko la Owino, Kampala, unachagua, bonyeza soli ya katikati kwa ukucha. Alama ikibaki, au chembe zikitoka, rudisha. Soli ya mpira haina ugonjwa huu. Ulivyo navyo vivae mara kwa mara na uviweke penye hewa, si ndani ya mfuko wa plastiki. Tochi na redio zenye gamba laini lililoanza kunata kama ulimbo ni ukoo huo huo. Spiriti na kitambaa vitalitoa gamba lote, chini utakuta plastiki ya kawaida.

Kwa mliopo kiwandani: michirizi ya fedha

Kitu kinatoka kwenye fomu kina mistari ya fedha inayofuata njia ya plastiki. Mwaga kidogo sakafuni kutoka kwenye mdomo wa mashine, usikilize. Ikilia na kutoa povu kama mafuta ya kukaangia yaliyodondokewa maji, ni unyevu. Ikitoa moshi na harufu kali, na michirizi ni ya kahawia, umeipika mno, shusha joto.

Kisha uliza ni plastiki gani. Polipropilini iliyosagwa na kuoshwa ina maji ya juu juu tu. Hewa ya moto saa moja inatosha. Nailoni, polikaboneti na PET ya chupa zimenywa maji ndani. Polikaboneti inataka kama nyuzi 120 kwa saa tatu au nne, hadi unyevu ushuke chini ya asilimia 0.02. PET ni ngumu zaidi: karibu nyuzi 160, saa nne na kuendelea, hadi asilimia 0.005. Ukiikosea, michirizi ndiyo hasara ndogo; maji kwenye joto la mashine yanakata minyororo ya PET, na chupa inapasuka ikidondoka hata kama inaonekana safi. Hiyo hairudi kwa kukaushwa baadaye. Tulikuwa tunakausha usiku, kisha mtu anaacha kifuniko cha hopa, lile pipa linalolisha mashine, wazi asubuhi ya mvua, na hadi saa ya chai kazi yote imepotea.

Polikaboneti hiyo hiyo ndiyo taa za mbele za magari yetu kutoka Japani. Zikigeuka njano, jua limemaliza koti lake la kinga. Dawa ya meno inang'arisha, miezi michache unjano unarudi, kwa kuwa umeondoa na hukurudisha kitu. Msasa wa maji 800, 1500, 2000, kisha kliya, yaani koti angavu la juu, ya mikebe miwili yenye kinga ya jua.

Nailoni: kwenye maji inavimba, kwenye ukavu inakatika

Mvuvi wa Masese alileta pampu iliyokwama. Alikuwa amechongewa bushi ya nailoni ikae sawasawa kwenye shafti, bila hata unywele wa nafasi, na siku ya kwanza ilizunguka vizuri. Nailoni ya kawaida ikilowa kabisa inabeba maji hadi karibu asilimia 9 ya uzito wake, na inavimba asilimia mbili au tatu. Tulichonga nyingine yenye nafasi, baada ya kuuloweka ule mti wa nailoni kwanza.

Huko Moroto mambo yamepinduka. Kijana mmoja anayefunga sola alinipigia: tai za plastiki za kufungia nyaya zinakatika akizikaza, pakiti nzima, na alikuwa na hakika ameuziwa feki. Nikamuuliza pakiti aliifungua lini. Tangu Desemba, iko kwenye boneti ya pikapu. Nailoni inahitaji maji kidogo ndani yake ndipo iwe laini, na hewa ya Karamoja wakati wa kiangazi ilikuwa imeyanyonya yote. Nikamwambia azitie kwenye maji ya vuguvugu kutwa nzima, azifunge kwenye kopo lenye kitambaa kilicholowa, na kwa kazi ya juani anunue nyeusi.

Kesho yake jioni alinitumia picha ya tai moja imefungwa fundo, haijakatika.